Nani Alitupa Uhuru?

Msikilizaji mpenzi, na wewe msomaji utakayeyakuta mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja tu. Ni neno tunalolitamka kila ifikapo tarehe 9 Desemba. Limepewa kilele cha Kilimanjaro, limepewa mwenge, mitaa, viwanja na watoto. Neno lenyewe ni uhuru. Nimelitumia maisha yangu yote bila kulichunguza, mpaka siku moja pale Same nilipokaripiwa hadharani kwa sababu yake.

Nilikuwa nakwenda nyumbani milimani kwa ajili ya shauri la shamba la ukoo, shauri ambalo nitalirudia baadaye. Anayeijua Same anajua kwamba kusubiri gari la kupanda mlima ni kazi ya siku nzima; gari haliondoki mpaka lijae, na likishajaa linangoja lijae zaidi. Nikaingia katika mgahawa mmoja kando ya stendi, nikaagiza chai na chapati, nikajiunga na mazungumzo niliyoyakuta. Watu walikuwa wakilalamikia barabara za milimani. Nami, kwa kutaka nionekane mwenyeji na si mgeni wa mjini, nikasema kwa sauti: "Tangu tupewe uhuru mwaka 1961 barabara yetu ni ile ile."

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, fimbo yake kati ya magoti, akageuka taratibu.

"Mwanangu, uhuru huo alikupa nani?"

"Waingereza, mzee."

"Basi ulikuwa mtumwa wao. Mtu hapewi uhuru ila awe mtumwa. Mimi baba yangu alilala hapa hapa Same mwaka wa mbiru, nje, na mimi nilikuwa mtoto wa kumletea chakula. Hakuja kuomba uhuru. Alikuja kukataa."

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, maana mtu akishikwa hana budi kucheka. Lakini garini, tukiwa tumebanana kama maharage gunia, maneno ya mzee yule hayakunitoka. Kwa upande wa lugha, mzee alikuwa amesema kweli tupu. Kwa upande wa historia nina ubishi naye, na ubishi huo ndio mazungumzo yenyewe.

Tuanze na lugha. Mtumwa ni mtu anayetumwa. Kitenzi ni kutuma, na kitenzi hicho hicho kimetuzalia mtume, mtumishi, na hata hizi tume zinazoundwa kila kukicha. Yaani mtume wa Mungu, mtumishi wa umma na mtumwa wa shamba la karafuu wametoka tumbo moja. Ndiyo maana Mkristo hashangai Paulo anapojiita mtumwa wa Kristo, wala Mwislamu haoni haya kuitwa Abdallah, ambalo maana yake ni mtumwa wa Mungu. Aibu haikuwamo katika kutumwa. Aibu ilikuwa katika kutumwa na binadamu mwenzako ambaye amekununua.

Pwani, ambako biashara hiyo ilikomaa, walikuwa na msamiati mzima wa watu wa namna hiyo. Mtwana alikuwa mtumwa mwanamume, mjakazi alikuwa mwanamke, suria alikuwa mjakazi aliyewekwa na bwana wake kama mke, na mzalia alikuwa yule aliyezaliwa pale pale utumwani. Kibarua naye, msikilizaji, usimsahau. Kibarua maana yake ni barua ndogo. Kilikuwa ni kikaratasi alichopewa mtu asubuhi akienda kazi ya kutwa, akakirudisha jioni akilipwa. Na wengi wa watu hao pale Unguja na Mombasa walikuwa watumwa waliotumwa na mabwana zao kutafuta ujira, kisha ujira ukagawanywa. Leo tunasema "kibarua kimeota nyasi" bila kujua tunakanyaga kaburi la nani.

Aliyekuwa juu ya hao wote aliitwa mwungwana. Mwungwana alikuwa na ukoo, na ukoo wake ulijulikana. Hapo ndipo ilipo maana ya ile methali tunayoipamba kwenye kumbi za harusi, kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wazee hawakusema mtumwa ni mtu afanyaye kazi ngumu, maana kila mtu alifanya kazi ngumu. Walisema ni mtu asiye na kwao.

Huru lilikuwa neno la kati. Lilitoka katika Kiarabu, na katika sheria ya Kiislamu mtu yeyote asiyemilikiwa ni huru, awe alizaliwa hivyo au aliachwa. Lakini katika maneno ya kila siku ya pwani, neno hili lilimganda hasa yule aliyekuwa mtumwa akaachwa. Watu walisema fulani ameachwa huru, fulani ameandikiwa uhuru wake, fulani amepewa uhuru na bwana wake alipokuwa anakufa, kwa kutafuta thawabu. Mwungwana hakuwa na haja ya kuitwa huru, kama vile mtu ambaye hajawahi kufungwa hana haja ya kutembea na karatasi ya kutoka gerezani. Kumwita mtu huru kulikuwa ni kumkumbusha, kwa heshima, kwamba zamani hakuwa. Na kwa desturi huyo aliyeachwa aliendelea kumwamkia bwana wake wa zamani kwa shikamoo, kumsaidia katika arusi na misiba, na kukaa kwenye kiwanja chake.

Kwa hiyo mzee wa Same aliposema kwamba uhuru hupewa mtumwa, alikuwa anasoma neno kama lilivyoandikwa.

Pengine utauliza, haya ya pwani yanahusu nini milima ya Upare? Yanahusu sana. Anayepanda basi Dar es Salaam kwenda Arusha akishapita Mombo huona Mazinde, kisha Mkomazi, Hedaru, Makanya, mpaka Same, milima ikiwa mkono wake wa kulia. Njia hiyo ni kongwe kuliko lami na kuliko reli. Katika karne ya 19 misafara kutoka Pangani ilipita katika mabonde ya pande zote mbili za milima hii, upande wa mto Pangani na upande wa Gonja na Kisiwani, ikienda Kilimanjaro na mbele yake kutafuta pembe za ndovu. Misafara ilihitaji chakula na maji, na Upare ulikuwa navyo, kwa sababu watu wake walikuwa mabingwa wa mifereji na wa ndiva, yale mabwawa ya kukusanya maji ya usiku kwa ajili ya mashamba ya kutwa. Gonja na Kisiwani zikawa vituo. Kwanza waliuza chakula. Baadaye wakauziana watu.

Mazinde, ambako siku hizi basi linapita bila hata kupunguza mwendo, palikuwa makao ya Semboja, mmoja wa wana wa Kimweri, mfalme mkuu wa Usambara. Kimweri alipofariki mwaka 1862 ufalme ule ulipasuka. Semboja hakukaa juu mlimani Vuga kama baba zake. Alishuka kukaa njiani, mahali ambapo misafara inapita, kwa kuwa nguvu zilikuwa zimehama kutoka kwa mwenye mvua kwenda kwa mwenye bunduki. Na bunduki ilinunuliwa kwa pembe au kwa mtu. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya historia ya siasa za Wapare, ameeleza jinsi biashara ile ilivyozibomoa tawala za milimani. Kila mkubwa wa kilima aliyepata bunduki chache na rafiki mfanyabiashara aliona hana sababu tena ya kumtii mtawala wa zamani. Jirani akawa windo.

Nasema jirani kwa makusudi. Tumezoea kusimulia habari hizi kana kwamba walikuja watu wa mbali, wakakamata, wakaondoka. Wa mbali walikuwapo, nao wana dhambi yao. Lakini mtu wa mbali hajui njia za mlimani, wala hajui ni nyumba ipi isiyo na mwanamume wa kuilinda.

Tena kulikuwa na njia nyingine ya kuingia utumwani, ya polepole, isiyo na bunduki. Hiyo ilikuwa njaa. Katika nchi zote za bonde la Pangani na milima yake, njaa ilipozidi, mtu aliweza kumpeleka mtoto au ndugu kwa mwenye chakula akae kama rehani mpaka deni lilipwe. Mvua zikirudi na ukoo ukipona, mtoto alikombolewa. Ukoo ukifa au ukitawanyika, rehani ilibaki pale, na baada ya miaka hakuna aliyekumbuka kama yule alikuwa rehani au mtumwa. Hapa naomba uniruhusu nipite haraka, kwa sababu ndipo ninapoingia mimi mwenyewe, na bado sijafika.

Sasa tuziangalie hizo karatasi za uhuru. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi huku manowari za Kiingereza zikimtazama. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba. Lakini sikiliza ilivyofutwa. Mtumwa hakuambiwa tu aende zake. Alitakiwa yeye mwenyewe aende mbele ya mahakama kuomba uhuru wake. Na Serikali ikalipa fidia. Je, alilipwa yule aliyelima karafuu miaka ishirini? La hasha, alilipwa bwana. Masuria hawakuwamo katika amri hiyo, wakangojeshwa mpaka 1909.

Huku bara Wajerumani walikuwa na ujanja wao. Hawakuufuta utumwa. Walitoa barua za uhuru, moja moja, kwa makumi ya maelfu, kuanzia miaka ya 1890. Mwaka 1901 walitangaza kwamba kila mtumwa ana haki ya kujikomboa kwa fedha, na mwaka 1904 wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia 1906 watakuwa huru. Lakini mtumwa fedha azitoe wapi? Mara nyingi mwenye shamba wa Kizungu alimlipa bwana, akamchukua mtumwa akafanye kazi shambani mpaka deni lile la ukombozi liishe. Hivyo mtu alitoka kwa bwana mmoja akiwa na barua ya uhuru mkononi, akaingia kwa bwana wa pili siku hiyo hiyo. Utumwa wenyewe ulikuja kufutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, Waingereza wakiwa wamekwisha kuichukua nchi.

Hebu piga hesabu hapo. Mtu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1922, tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa na miaka 59. Si mkongwe huyo. Usiku ule bendera ilipopandishwa Dar es Salaam, na Luteni Alexander Nyirenda alipousimika mwenge juu ya Kilimanjaro, ndani ya nchi hii walikuwamo watu wazima wenye akili zao ambao waliwahi kuwa mali ya mtu kwa mujibu wa sheria. Walisikia neno uhuru likipigiwa kelele. Ningetoa kitu kikubwa kujua walilisikiaje.

Sasa nije kwenye ubishi wangu na mzee. Alisema uhuru hupewa mtumwa. Mimi nasema hayo ni maneno ya bwana. Ndivyo bwana anavyopenda kuisimulia habari: mimi nilikuwa naye, mimi nikampa. Watumwa wenyewe walikuwa na masimulizi mengine, na ushahidi uko karibu na Same kuliko watu wanavyofikiri.

Katika miaka ya 1830 njaa kali iliipiga nchi ya Wazigua, huko Handeni, jirani zetu wa kusini. Watu wengi walichukuliwa kwa majahazi mpaka pwani ya Somalia wakauzwa mashambani. Huko walitoroka. Wakaingia katika misitu ya mto Juba, wakajenga vijiji vyao, wakavilinda kwa silaha, wakaendelea kusema Kizigua kizazi baada ya kizazi. Hakuna bwana aliyewaandikia barua, wala hakimu aliyewapigia muhuri. Vita vilipoichana Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania, na kuanzia mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, huko huko Handeni, na wengi wamepata uraia. Walirudi baada ya miaka zaidi ya mia moja na hamsini wakiamkiana na wenyeji wao kwa lugha ya bibi zao. Hao nani aliwapa uhuru?

Nao si peke yao. Katika enzi ya Wajerumani watumwa wengi mno hawakungoja karatasi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905 na hatimaye Moshi mwaka 1911, mtu aliyetaka kuondoka aliweza kuondoka na kupata ujira mahali ambapo hakuna anayemjua. Wengine walikimbilia misheni. Wengine walibaki pale pale, ila wakaanza kudai siku zao na shamba lao, na bwana akaona afadhali akubali kuliko kuamka asubuhi akute kibanda kitupu. Utumwa ulikufa kwanza miguuni mwa watumwa, ndipo ukafa katika vitabu vya sheria.

Simaanishi kwamba walioondoka waliangukia peponi. Waliangukia kwenye kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba, rupia tatu, mwishoni mwa miaka ya 1890, na kodi ile haikuulizwa kama wewe ni mwungwana au huru. Katika Usambara wakaongeza mwaka 1907 kadi ya kazi: siku thelathini kwa Mzungu kila baada ya miezi minne. Mashamba ya mkonge yakatandawaa mpaka chini ya milima yetu, na wafanyakazi walioletwa kwa mkataba kutoka mbali wakaitwa manamba, yaani watu wa namba. Mtumwa wa zamani alikuwa angalau na jina, hata kama ni jina la kubandikwa.

Ndipo tunafika mwaka wa mbiru. Mbiru ilikuwa jina la zamani la ushuru ambao Wapare waliwatolea watawala wao. Katika vita vya pili vya dunia, machifu wa Upare na baraza lao, kwa baraka za Serikali ya Kiingereza, walianzisha kodi mpya juu ya kodi ya kichwa, kodi ya kupimwa kwa kadiri ya mali ya mtu. Ili iingie vizuri kooni wakaipaka jina hilo la mbiru. Watu wa Upare hawakudanganyika. Walijua kwamba mbiru ya babu zao haikuwa na karani wa kuhesabu migomba na mbuzi wa mtu na kumkadiria anavyopenda. Mwaka 1945 wakashuka kwa maelfu kutoka milimani mpaka Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Nasema wakakaa, kwa maana hiyo hasa. Hawakuchoma boma, hawakumpiga mtu. Walijenga kambi, wakapika, wakaimba, wakasema hawaondoki mpaka kodi ile iondoke. Kodi ya kichwa walisema wako tayari kuilipa. Mbiru, hapana. Waliandika malalamiko wakayapeleka ngazi kwa ngazi, juu zaidi ya mkuu wa wilaya.

Walipokaa sana huko, mashamba milimani yalibaki na wanawake. Hapo wanawake wa Usangi wakatoa hoja ambayo naona ni ya ajabu kuliko zote. Walimkabili mkuu wa wilaya wakamwambia ama amalize shauri waume zao warudi, ama awe yeye mume wa wote na kuwazalisha. Nadhani afisa yule, pamoja na elimu yake, hakuwa amefundishwa jibu la swali hilo. Polisi waliitwa, mawe yakarushwa. Baada ya ubishi wa takriban miaka miwili mbiru ilifutwa, na mahali pake ikawekwa nyongeza ndogo iliyo sawa kwa kila mtu. Profesa Kimambo aliandika kijitabu kizima juu ya habari hiyo mwaka 1971, anayekipata akisome.

Kilichonivutia mimi ni lugha. Pale Same hatusikii watu wakidai uhuru. Walidai haki, walidai waulizwe, walidai mila isitumiwe kama gunia la kufichia kitu kingine. Lakini hakuna mtu aliyewaona wamekaa pale, wakikataa kuondoka, ambaye angewaita watumwa. Hapo mzee wangu yuko sahihi kabisa.

Basi neno uhuru liliingiaje katika siasa? TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 kulikuwa na maneno mengine ya kuchagua. Kulikuwa na kujitawala. Kulikuwa na madaraka, na kweli mwaka 1960 tulipata kwanza kile kilichoitwa Serikali ya Madaraka. Lakini mikutanoni lililopanda na kuitikiwa lilikuwa uhuru. Likavuka mipaka, likaenda Kenya na Uganda, hata Jaramogi Oginga Odinga alipoandika kitabu kwa Kiingereza mwaka 1967, kulalamika kwamba lililotarajiwa halijafika, neno hilo aliliacha katika jina la kitabu kwa Kiswahili.

Hapa pana jambo ambalo sijawahi kusikia likisemwa redioni. Pwani ilikuwa na neno la heshima kubwa zaidi kwa mtu asiye mtumwa, nalo ni uungwana. Hakuna mkutano hata mmoja ambapo watu walinyoosha mikono wakapiga kelele "Uungwana!" Wangepiga kelele hiyo, mamilioni ya watu wa bara wangejiuliza kama wamo. Waliokuwa wakiitwa washenzi pwani wasingekuwamo. Wajukuu wa vijakazi wasingekuwamo. Lakini walipiga kelele "Uhuru!", neno la aliyewahi kufungwa, na mwungwana wa Pangani, na Mpare wa ndivani, na manamba wa mkonge, na mjukuu wa mtwana, wote walilipokea. Sidhani kulikuwa na kikao kilichoamua hivyo. Lakini nchi nzima ilikubali kujiita kwa jina la mtu aliyekuwa chini kabisa, na neno hilo ndilo likawekwa kwenye nembo ya Taifa, Uhuru na Umoja, pakawa hakuna aliyeliona ni tusi.

Visiwani mambo yalikuwa mengine. Pale, katika zama za siasa kuanzia uchaguzi wa mwaka 1957 mpaka Mapinduzi ya 1964, utumwa haukuwa mfano wa kupamba hotuba. Ulikuwa ni swali la babu yako na babu yangu, na shamba hili lilikuwa la nani. Neno likatumika kama jiwe. Visiwa vile vililipa gharama yake, na mpaka leo mtu akilitamka pale huangalia kwanza nani yuko kizingitini.

Tusijidhanie sisi wa bara tumepona. Nilisema nitarudi kwenye shauri la shamba. Bibi mzaa babu yangu, tangu nikiwa mtoto, nyumbani alitajwa kwa maneno manne tu: aliletwa wakati wa njaa. Niliyasikia kama mtu anavyosikia habari ya mvua. Sasa mwaka huu kumetokea ugomvi wa mpaka baina yetu na majirani, na katika baraza mtu mmoja, mtu mzima, mwenye elimu, akasimama akasema kwamba watu wa upande wetu hawana neno la kusema juu ya ardhi, kwa sababu walikuja kwa pishi ya mahindi. Baraza lilinyamaza. Wajumbe waliangalia chini. Hakuna aliyemwuliza ana maana gani, ikadhihirika kwamba kila mtu pale alikuwa akijua siku zote, isipokuwa sisi tuliosomeshwa mjini.

Usiku ule nilimwuliza baba yangu mdogo. Kwanza alirudia yale yale, aliletwa wakati wa njaa. Nikamwuliza aliletwa na nani. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa kusini, gizani, kuelekea Usambara. Akasema yeye alihadithiwa na baba yake kwamba reli ilipokwisha kufika Same, bibi yule, akiwa tayari ana watoto, siku moja alishuka mlimani peke yake akaenda kuwatafuta watu wake. Hakumwaga mtu. Alikaa huko mvua za vuli zote. Kisha wakamwona anapanda mlima kwa miguu yake, kichwani ana kikapu cha mbegu za maharage ambayo yalikuwa hayajulikani huku.

"Hakuna aliyemfuata," baba mdogo akasema, "na aliporudi hakuna aliyemwita."

Nikamwuliza kama bibi alikuwa na barua yoyote, ya Wajerumani au ya mtu mwingine.

"Barua ya nini?" akasema. "Lile shamba wanalolibishania, yeye ndiye aliyelifyeka."